Sakafu ya Alhamisi

Sakafu ya kanisa letu la Ha Mokoto ilikuwa na mawimbi. Vidole vya mtu viliyachora kwenye samadi mbichi ya ng'ombe, duara ndani ya duara, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na kila Alhamisi sisi akina mama tuliyapigia magoti. Nilidhani mchungaji ana mtu wake wa kusiriba. Hapana, nisiseme uongo: sikudhani chochote.

Mimi ndiye katibu wa umoja wetu wa akina mama, na daftari la mahudhurio nililipenda kuliko nilivyopaswa. Aliyewahi nilimtia alama ya buluu, aliyechelewa, nyekundu. Mstari wa Mantoa, mjane wa bondeni, ulikuwa mwekundu mtupu. Huo ulikuwa mwaka wake wa sita akiomba sare yetu, blauzi nyekundu yenye kola nyeupe, ambayo mwanamke wa kwetu huvishwa akiwa hai na akifa huzikwa nayo. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na wote tulijua anaiombea nini.

Jumapili moja mchungaji alipolitaja jina lake kwa sare na kuuliza kama kuna pingamizi, nilisimama nikasoma Alhamisi zake moja baada ya nyingine. Kisha, ulimi hauna mfupa, nikaongeza langu.

"Baba, sare si ya mtu anayefika Mungu ameshainuka kitini. Na akifika, ananuka zizi."

Wanawake walicheka. Mantoa aliificha mikono chini ya blanketi lake. Mchungaji alimuuliza kama ana la kujitetea. "Sina neno, baba," akasema, na jina lake likakatwa. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba.

Alhamisi iliyofuata niliamka na mapema kufuata miwani niliyoisahau kanisani. Nilisukuma mlango, nikaingia na viatu vyangu vya kisigino hatua nne, tano, ndipo nikahisi mguu unazama. Mbele yangu Mantoa alikuwa amepiga magoti, ndoo ubavuni, mikono imezama samadi hadi viwikoni.

"Ni wewe?" nikauliza. Swali la kijinga.

"Ni mimi, mama katibu. Usisogee, utaharibu na kwingine."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mama mkwe wake afariki na kumwachia kazi hiyo, mwaka wa kumi na moja huu. Akimaliza, jua likiwa limeshapanda, hushuka mtoni kunawa, kisha hupanda kwake kubadili nguo, na akirudi hutukuta wimbo wa pili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa akiisiriba.

"Na Jumapili hukusema?"

"Ningesema, ingekuwa sakafu yangu." Akakohoa kwa muda mrefu. "Sasa ni yake Yeye."

Nikamwambia ninakwenda kwa mchungaji sasa hivi, nitasema yote, watu wote wajue. Hapo aliinua uso akanitazama.

"Sare umeninyima, mama. Na hili nalo utaninyang'anya?"

Nilivua viatu, nikapiga magoti, nikaanza kuzifuta nyayo zangu. Mawimbi yalinishinda. Mantoa alitazama kazi yangu akatikisa kichwa.

"Unaparua, mama katibu. Wewe si kuku. Tumia kiganja."

Mchana nilifika kanisani wimbo wa pili ukiimbwa. Msaidizi wangu, Mamokete, alikuwa ameshika daftari. Ulipokwisha wimbo nilisimama, nikamwambia mchungaji naondoa pingamizi langu, Mantoa apewe sare. Akaniuliza kwa sababu gani.

Wanawake wote waligeuka. Maneno yalikuwa mdomoni, na laiti ningeyasema, ningekuwa mwepesi kabla ya jioni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Mantoa alikuwa amepiga magoti mahali pake, akinitazama.

"Sina neno, baba," nikasema.

"Basi bila sababu siwezi kulifungua suala hili upya. Tutaliangalia mwakani."

Mwakani. Mantoa alikohoa, akaziba mdomo kwa ncha ya blanketi. Nilipiga magoti. Mwanamke wa pembeni yangu alinusa hewa, akasogea mbali nami kidogo. Mamokete akainama akaninong'oneza: anitie wino gani?

"Mwekundu," nikasema, nikaificha mikono chini ya blanketi.