Mikono ya Koti

Mume wangu Urbanus aliajiriwa na reli kutembea. Wenzake wa gengi walibeba mataruma ya kulalia reli na kushindilia kokoto, yeye kazi yake ilikuwa miguu. Kila alfajiri alitakiwa kuvaa koti la kaki, kuchukua spana, nyundo, bendera nyekundu na fataki tatu, vile vibati vya baruti vinavyofungwa juu ya reli ili treni ikivikanyaga vilipuke na dereva ajue kusimama. Alitoka Munisagara akaifuata reli kuelekea bara, maili tatu, akitafuta nati iliyolegea au mahali maji yalipokula udongo. Kwenye nguzo ya mpakani alikutana na mwenzake wa gengi la pili, wakabadilishana vibao vya shaba vyenye namba, ili kila mmoja arudi kwa nyapara wake na ushahidi kwamba amefika. Baada ya hapo ndipo treni ya abiria ilipoteremka kutoka bara, imejaa watu na watoto wao na kuku wao, wamelala fofofo.

Watu huniuliza alianza lini kunywa, utadhani nikiwapa tarehe watapata dawa. Sijui. Alikuwa akinywa pombe ya mtama siku za sikukuu kama wanaume wote, halafu akawa anakunywa Jumamosi, halafu nikaona kwamba kwetu kila siku ni Jumamosi. Mtama ukawa haumtoshi, akahamia kwenye gongo. Na gongo ilipikwa na dada yake wa tumbo moja, wifi yangu Sikuzani, mjane mwenye watoto watano, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwenyekiti wa kijiji alihutubia kila Alhamisi kwamba gongo ni adui wa ujamaa, na Ijumaa jioni unamkuta kwa Sikuzani amejibanza nyuma ya mlango na kikombe chake. Shamba la kijiji lilikuwa limefunikwa na majani kwa sababu nusu ya wanaume walikuwa wanaumwa kichwa.

Siku moja nilimwendea Sikuzani kugombana naye.

"Wifi," akaniambia, hata hakuacha kuchochea moto, "mimi nikiacha kupika, kaka yangu atakwenda kunywa kwingine. Na wanangu je, watakula hotuba?"

Nikarudi nyumbani. Swali lile ninalo mpaka leo.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka sabini na tatu, asubuhi moja Urbanus hakuamka. Nilimtikisa, nikammwagia maji, akageukia ukutani. Bwana Kondo, nyapara, alikwisha kumwonya mara mbili. Ya tatu ilikuwa kufukuzwa, na kazi ikienda nyumba inaenda nayo, maana ilikuwa nyumba ya reli. Binti yetu Regina alikuwa darasa la sita. Nikasimama katikati ya chumba nimeshika kopo tupu, nikaliona koti limening'inia msumarini. Nikajiambia, leo tu.

Mikono ya koti ilinipita vidole. Sikuweza hata kushika spana sawasawa. Nikaikunja, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikaenda. Njia nilikuwa naijua kidogo, maana zamani, alipokuwa mtu, Urbanus alipenda kunieleza kazi yake kuliko padri anavyopenda kueleza Injili.

Nguzoni alikuwa amekaa Mzee Yohana wa gengi la pili, mwenye goti bovu, anatafuna tumbaku. Nilikuwa nimekwisha kupanga nimpe kibao kimyakimya, nichukue chake, nigeuke. Bado kulikuwa na giza na angedhani ni Urbanus ana hasira zake. Lakini nani anampita mzee bila kumwamkia? Maneno yakanitoka yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

Akaacha kutafuna. Akanitazama kofia, akanitazama miguu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akanipa kibao.

Hakusema zaidi siku ile wala siku zilizofuata. Nilimshukuru kwa ukimya wake, na baadaye nikamchukia kwa huo huo, kisha nikakosa nguvu za kumchukia.

Ile leo tu ikawa wiki. Wiki ya pili nilichukua sindano nikaikunja mikono ya koti kwa ndani na kuishona. Nikawa narudi jua likichomoza, nampa Urbanus kibao cha Yohana, namfundisha la kumwambia nyapara: nati mbili zimekazwa karibu na karavati, lile la kupitishia maji, taruma moja limepasuka. Saa mbili alikuwa anaweza kusimama. Alikwenda na shati tu, akasema maneno yangu, akarudi akalala. "Ahsante, Mama Regina. Kesho nitakwenda mwenyewe," aliniambia kila siku, na nadhani kila siku alikuwa anamaanisha. Munisagara nzima ilijua isipokuwa wale waliolipwa mshahara wajue.

Nilichoka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Natembea maili sita, nakwenda shambani, napika, nasikiliza mtu akiapa, nalala, naamka natembea tena. Wanawake wenzangu walinisifu kisimani kwamba nimeishika nyumba. Sifa zile zilinichosha kuliko maili sita.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku nne. Siku ya tano nilipofika maili ya pili nikasikia mto Mkondoa uko mahali usipopaswa kuwa. Tuta lilikuwa limekwenda. Reli zote mbili zilining'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa, na chini yake maji mekundu yanapita. Nami nilikuwa upande wa Munisagara, treni inakuja kutoka upande wa pili.

Nilipanda kilimani kwa mikono na magoti, nikashika mizizi, nikateremkia ng'ambo ya pengo, nikakimbia hadi nguzoni.

"Shikamoo mzee, njia imekatika!"

Kwenye hali ile bado nilimwamkia. Yohana akajaribu kuinuka, goti likagoma.

"Kimbia wewe, mwanangu. Mbele zaidi, mpaka baada ya kona. Kimbia!"

Nilikimbia. Nilifunga fataki moja, nikahesabu hatua kama nilivyofundishwa, nikafunga ya pili na ya tatu, nikasimama kati ya reli na bendera yangu iliyolowa. Nilipoisikia treni nilijikojolea, sioni haya kulisema. Fataki zikalipuka moja, mbili, tatu. Chuma kikapiga kelele kwa muda mrefu kisha kikanyamaza, na dereva akachungulia dirishani.

"Ahsante, bwana!" alipaza sauti kwenye mvua.

Ile "bwana" ndiyo iliyonikumbusha. Treni isipofika, Bwana Kondo angekuja na toroli kutoka Munisagara, angemkuta mwanamke ndani ya koti la reli, na nyumba yetu ingekuwa imekwisha. Nikarudi kilimani, nikakimbia maili mbili nyumbani, nikamwinua Urbanus kwa kola, nikamtupia koti mabegani na kumsukuma nje. Kondo alipofika kwenye pengo alimkuta mtu wake amesimama kwenye mvua, ameshika bendera. Ng'ambo, dereva aliyefuata njia kwa miguu mpaka pengoni alikuwa anapiga makofi.

Kwa hiyo msinionee huruma sana. Uongo ule niliushona mwenyewe.

Baada ya wiki tatu, tuta likiwa limekwisha kujengwa upya, ikaja barua kutoka Kilosa. Kondo alitusomea mlangoni. Mkaguzi wa njia angekuja Munisagara kumshukuru Ndugu Urbanus mbele ya wananchi, na kwa uaminifu wake angempa kazi kubwa zaidi: kulinda daraja la kule korongoni, penye maji mabaya kuliko pote. Angekaa kibandani peke yake masika yote, usiku na mchana, kuyatazama maji na kusimamisha treni. Familia haziruhusiwi kule.

Urbanus alikwenda kwa Sikuzani kusherehekea. Watu walimnunulia. Alirudi anaimba.

Nilimngoja kesho yake mpaka macho yakamrudia.

"Baba Regina, kule korongoni mimi sitakuwepo."

"Nitaacha kunywa."

"Baba Regina."

"Mtu aliyesimamisha treni atashindwa kuangalia maji?"

Nikamtazama usoni nikitafuta kama ananitania. Hakuwa ananitania.

"Nani alisimamisha treni?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Sisi," akasema.

Hapo niliogopa kuliko siku ile nilipokuwa kati ya reli. Nilikuwa nimelinda nyumba, nimemlinda yeye, nimemlinda Regina, na sasa nilikuwa nawaweka wale watu wanaolala na kuku wao mikononi mwa mtu asiyejua kama jana alikuwa kitandani au njiani.

Alasiri ya kuamkia siku ya mkaguzi nilianua koti kambani, limekauka na kunyooka. Nikatafuta sindano. Mikono ilitakiwa kufumuliwa, irudi urefu wake, maana asubuhi Urbanus angelivaa mbele za watu. Nikafumua nyuzi tatu, nne. Kisha nikakaa na koti lile magotini mpaka kuku wakaingia ndani. Sikulia wala sikuomba. Nikachoma sindano mahali pake ukutani, nikalitundika koti msumarini vilevile lilivyokuwa.

Asubuhi Urbanus alikuwa hajanywa. Alinyoa, akajikata mara mbili. Akavaa koti, akanyoosha mikono, akaona viganja vyake vimetoka nje pamoja na nusu ya kigasha.

"Limesinyaa?"

"Halijasinyaa. Nililipunguza."

"Lini?"

"Mwaka jana, masika. Wiki ya pili ya kulivaa."

Alitazama zile pindo. Nyuzi zilikuwa zimepauka kwa jua, na kwenye kunjo kulikuwa na grisi nyeusi iliyokwisha kuwa ngumu. Akapapasa pale kwa kidole muda mrefu.

"Mimi nilidhani ulikwenda mara tano," akasema. "Mara sita hivi."

Nje walikuwa wanatuita.

Walikusanyika mbele ya ofisi ya stesheni. Mwenyekiti alihutubia kuhusu uhuru na kazi, macho mekundu. Mzee Yohana alikuwa ameletwa na toroli, amekaa kwenye benchi anaangalia goti lake. Sikuzani alisimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye miwani, akampa Urbanus mkono, kisha akawageukia vijana wa gengi.

"Ndugu Urbanus, wafundishe hawa. Njia imekatika, nawe uko upande huu, treni inatoka upande ule. Ulifanyaje? Fataki ulizifunga wapi?"

Urbanus akanitazama.

Kila asubuhi, mlangoni, alinitazama hivyo hivyo, nami nikampa maneno. Na sasa nilikuwa nayo yote. Kilima, mizizi, kona, hatua. Ulimi ulikuwa tayari, na Mungu ananijua, nilitaka kumsaidia, kwa sababu nilikuwa nampenda na alikuwa anaaibika mbele za watu. Nikafunga mdomo.

Vijana wakasogea karibu wasikie. Mkaguzi akatabasamu, akidhani ni unyenyekevu. Ndipo Urbanus akainua mikono yote miwili, watu wakaziona zile pindo.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "koti hili si langu. Litazame. Muulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyekuwa njiani."

Watu wa reli walicheka. Kondo alicheka kwa nguvu kuliko wote, kisha akatazama ile mikono, akaacha. Kwenye benchi Mzee Yohana akasema bila kuinua kichwa, "Ni kweli. Mwaka mzima naitikia shikamoo ya mwanamke."

Waliniuliza, nikasema. Nilisema yote hadi idadi ya hatua. Mkaguzi alivua miwani akaifuta, akanishukuru kwa heshima, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya kumfukuza Urbanus. Mzee Yohana alistaafishwa. Nikamwomba mkaguzi kazi ile ya kutembea, kwa kuwa njia naijua. Akaniambia kwa upole kwamba kazi ile haina wanawake. Nikamrudishia koti.

Mwezi haukuisha tukahamia kijiji cha ujamaa huko Msowero, bila umeme wa stesheni wala bomba, na Regina akamalizia darasa la saba chini ya paa la nyasi. Hakunilaumu, lakini ananiangalia kwa namna yake. Urbanus alikaa miezi miwili bila kugusa kikombe. Kisha akagusa. Kila kijiji kina Sikuzani wake, naye ana watoto wake.

Hapa kengele ya shamba hulia alfajiri, na balozi wa nyumba kumi humgawia kila mtu ngwe yake ya kulima. Mimi bado naamka kabla ya kengele, miguu imezoea. Siku nyingine Urbanus anaamka tunakwenda pamoja, na siku hizo analima vizuri, hana mfano. Siku nyingine haamki.

"Baba Regina yuko wapi?" balozi huuliza.

"Amelala. Amelewa," namjibu, na watu wanasikia.

Kisha nalima ngwe yangu mpaka mwisho, naweka jembe begani. Ya kwake naiacha na majani yake.