Mvuke Uliolia Pii

Kila asubuhi, kabla hata ya kutundika mkoba, Mnong'ono alikuwa na safari yake moja. Alizunguka nyuma ya chumba cha mitambo, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa sukari, akafungua kabati lililopitiwa na bomba la maji ya moto, kisha akayageuza mayai yake, moja baada ya jingine.

Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza mtoto ambaye tayari amelala. Kazi yake ilikuwa kupima joto. Kituo kilivuta mvuke kutoka kwenye miamba inayochemka chini ya ardhi, mvuke ukazungusha mitambo, mitambo ikazaa umeme. Maji yaliyobaki, yakiwa bado ya moto, yalipita kwenye bomba lile na kurudishwa ardhini. Yakarudishwa hivi hivi! Jambo hilo lilimuuma. Nyumbani kwao, ng'ambo tu ya uzio wa kituo, mama yake alilea vifaranga kwa jiko la mkaa, akiamka kila mara kulipuliza, macho mekundu kama aliyefiwa. Msimu wa baridi uliopita mkaa ulizimika, na vifaranga karibu wote wakafa.

"Wakifa tena," mama alisema, "nauza kuku wote nikakae kwa kaka yako."

Kwa kaka maana yake kwa mke wa kaka, ambako hata chumvi huombwa kwa miadi.

Dawa ilikuwa kumwomba Mkuu wa kituo bomba dogo la kupeleka joto kwa mama. Mnong'ono alishafika mlangoni pa Mkuu mara nyingi. Lakini Mkuu alipoinua kichwa na kunguruma, "Ndiyo, binti?" alijikuta akiuliza kama dirisha lifungwe. Mwezi ule ofisi ya Mkuu ilikosa hewa kabisa. Basi akaamua mayai ya kuku wa mama yamsemee. Yakianguliwa kwa joto la bomba, nani atabisha? Akayaweka ndani ya kofia yake ngumu ya kazi, juu ya matambara, si karibu sana na bomba, kipimajoto kando. Akabadilishana zamu na kila mtu, hata ikavuma kwamba ana mchumba kituoni.

Asubuhi moja, mkono wake haujagusa kabati, akamkuta mtu amepiga magoti pale. Alikuwa Fundi Sikio, ameegemeza bisibisi ndefu kwenye bomba, mpini sikioni, macho ameyafumba kama anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Shh! Linavuja."

"Nini, kaka?"

"Bomba. Sikiliza."

Ndani ya kabati kitu kikalia: pii.

Moyo wa Mnong'ono uliruka kwa furaha, kisha ukatua vibaya. "Kaka, mimi nadhani..."

"Usidhani! Sikio hili halijawahi kunidanganya. Vali ikikohoa, najua hata jana ilikula nini." Kabati likalia tena, pii, pii. Fundi akabadilika rangi. "Sasa matundu yako mawili! Yanajibizana!"

"Si tufungue tu tuone?"

"Kabati lenye mvuke halifunguliwi, dada. Utatoka humo umeiva."

Akatimka huku akipuliza filimbi. King'ora kikalia, watu wakamiminika uani na vikombe vyao vya chai, na Mkuu akafika na kipaza sauti ambacho hakukihitaji hata kidogo.

"Uvujaji mkubwa au mdogo?"

"Mdogo, Mkuu," Fundi alijibu, "lakini una hasira."

"Mdogo ndio wa kuogopwa. Siafu naye ni mdogo."

"Mkuu," alisema Mnong'ono.

"Binti, kofia yako iko wapi?"

"Iko... iko kazini."

"Na wewe uko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mnong'ono akatamani ardhi ipasuke immeze, mvuke na vyote.

"Fungeni bomba!" Mkuu aliamuru. "Leteni mpira, mlimwagie hilo kabati maji ya baridi mpaka lishike adabu!"

Mpira ukaburutwa. Kabatini, kama walioambiwa waimbe, wakaitikia wote kwa pamoja: pii, pii, pii, pii!

"Shinikizo limefika kileleni!" Fundi Sikio alipiga yowe, akajificha nyuma ya mhasibu, aliyekuwa mwembamba kuliko bisibisi.

Mnong'ono aliwaza vifaranga, manyoya hayajakauka hata kidogo, wakimwagiwa maji ya baridi. Akamwaza mama akifunga virago. Miguu ikamtangulia. Alipozinduka alikuwa ameegemea mlango wa kabati, mikono ameitandaza, mpira wa maji unamkodolea jicho.

"Toka hapo, utaungua!"

"Sitoki," alisema.

Walioshika mpira waliona mdomo tu ukicheza. "Anasema nini?"

"Anaaga."

"SITOKI!"

Sauti ilitoka kubwa hivi kwamba Fundi Sikio alichungulia kuona ni nani mwingine aliyekuja. Mnong'ono akageuka, akafungua kabati, akaitoa kofia yake na kuiinua mbele ya watu wote. Ndani, vifaranga walikuwa wanapandiana migongoni. Mmoja alibeba kipande cha ganda kichwani, na pale uani ndiye pekee aliyevaa kofia kama sheria inavyotaka.

Watu wakasogea kuchungulia.

"Uvujaji huu una manyoya," mhasibu alisema.

"Mimi nilijua halikuwa bomba," Fundi Sikio alisema.

Mkuu alishusha kipaza sauti polepole. "Binti. Hii ni nini?"

Neno samahani lilikuwa tayari limefika ulimini. Alilimeza. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Ni wa mama yangu, Mkuu. Anaishi hapo nyuma ya uzio. Analea vifaranga kwa mkaa, moshi unammaliza macho, na sisi huku joto tunalizika ardhini kila siku. Naomba bomba moja dogo, Mkuu, lipite chini ya uzio, liende kwa mama."

"Fundi," Mkuu alinguruma, "acha kusikiliza, kapime bomba la kufika kwa huyo mama."