Kibandiko Shavuni

Memori mpya ilikataa kuingia kwenye kompyuta. Yun-ju aliisukuma, akaigeuza, akasukuma tena, kisha akaogopa kuivunja. Saa moja jioni ramani ya nyumba aliyoichora ilikuwa lazima ifike kwa mwalimu wake wa masomo ya jioni. Angefaulu, angepata kazi ya mchana ofisini, aache zamu ya usiku, amlaze mtoto mwenyewe. Na kompyuta ilikuwa ikiganda kila alipoifungua ramani hiyo.

Aliiweka kompyuta katikati ya miguu yake kwenye skuta, akamfunga mwanawe An-chi mgongoni, akarudi kwenye duka alikoinunua memori.

Bi Kuo, mwenye duka, alitazama mara moja tu. "Hiki ni kipande cha kizazi cha nne, mwanangu. Mashine yako inataka cha kizazi cha tatu. Pengo lake halilingani na sehemu ya kuchomeka hata ukipigie nyundo. Si ungekuja na cha zamani tukapima?"

"Niliangalia ukubwa tu, shangazi. Nibadilishie."

"Kibandiko cha duka kiko wapi?"

Kilikuwa shavuni kwa An-chi, kimechanikachanika. Yun-ju angeweza kusema hakukikuta. "Mtoto alikibandua nikipika."

"Basi hakuna kubadilisha. Unaijua sheria."

 Macho ya Yun-ju yakatua kwenye pakiti ya kijani ya bisi juu ya kompyuta ya Bi Kuo, ile wanayoweka watu wote kama hirizi ili mashine itulie.

"Shangazi, hii imepitwa na muda tangu mwezi wa nne."

"Weee!" Bi Kuo aliinyakua. "Ndiyo maana wiki nzima kompyuta inanizimikia!"

Yun-ju alikuwa na pakiti mpya mkobani, aliyoinunulia mashine yake. Aliishika kidogo, kisha akaiweka mezani. "Chukua hii."

Bi Kuo alimtazama, akavuta droo, akatoa kipande kingine. "Cha tatu, kimetumika. Kiache hicho chako. Lakini kikifa usinililie."

Wakakichomeka palepale. Kioo cheusi. Mlio mrefu. An-chi naye akaanza kulia.

"Mnyamazishe, asiipe mashine mfano mbaya." Bi Kuo alikichomoa, akasugua meno ya dhahabu ya kipande hicho kwa kifutio cha penseli, akakirudisha.

Kimya. Kisha mwanga. Ramani ilifunguka polepole, ukuta kwa ukuta, mpaka ngazi.

Saa kumi na mbili na nusu. Yun-ju alikibandua kibandiko shavuni mwa mwanawe, akakibandika juu ya mashine yake, mahali pa pakiti aliyoitoa.

"Tulia, mama," akainong'oneza. "Nusu saa tu."