Mjomba Aliyeinuka Kabla ya Kutamka

Kosa lilikuwa la Kibwana, na mwenyewe hakatai: alikunywa haluli mara mbili. Ya kwanza aliinywa Ijumaa, ikakaa kimya tumboni kama mgeni aliyekunywa chai akasahau kuaga. Jumamosi asubuhi, siku ya posa ya mpwa wake Mwanvita, akaona labda dawa yenyewe imekwisha muda wake. Akakoroga nyingine, akaimaliza yote.

Msimcheke. Choo kilikuwa kimemfunga tangu Jumatatu, na jioni ile alitakiwa akae jamvini muda mrefu mbele za watu. Alitaka amalize mambo yake mapema akae mwepesi.

Kibwana alikuwa fundi umeme. Pale kwao Bigwa nyumba nyingi zenye taa zina waya wa mkono wake, mpaka miguu ilipoanza kumkataa juu ya ngazi. Watu wakasema anakunywa pombe. Daktari mmoja wa Dar ndiye aliyempa jina la ugonjwa, MS, akamweleza kifundi: kinga ya mwili inachuna ganda la mishipa ya fahamu, na waya ukishachunika, unajua mwenyewe fundi, umeme unapotea njiani. Habari za miguu aliwaeleza nduguze. Lakini nesi alipomuuliza, "Na choo baba, kinaendaje?", Kibwana alimtazama yule binti, rika la Mwanvita, akajibu, "Salama," kama kaulizwa habari za nyumbani. Angesema kweli, angeambiwa kwamba na tumbo linaendeshwa na waya zilezile: linaweza kufunga wiki nzima, halafu likafungua bila kumwarifu mwenye nyumba.

Sasa, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwenye ukoo wa kina Kibwana washenga hawajibiwi na baba. Wanakaa, wanasema yao, mjomba anatamka. Na mjomba akiinuka kabla hajatamka, basi amekataa, na hakuna mwingine wa kulirudisha hilo ila yeye.

Washenga wakafika kutoka Mikese, mbele yao Mzee Hafidhi, mtu wa maneno. Wakakaribishwa barazani, shikamoo zikapita, juisi ikapita. Hafidhi akaanza kumsifu Abdi, mwoaji: haki za watu hadhulumu, swala hazimpiti, shamba analima mwenyewe. Kibwana jibu lake alikuwa nalo mdomoni. "Tumempokea." Basi. Alikuwa anangoja tu mzee avute pumzi.

"Mjomba, mbona jasho linakutoka?" Hafidhi akamgeukia. "Au wewe ndiye unayeolewa?"

Baraza likacheka. Kibwana naye akacheka.

"Jua la Bigwa, mzee wangu."

"Jua gani, na mawingu yameshafunika mlima mzima?"

Wakacheka tena, na Hafidhi akarudi kwenye shamba la Abdi. Tumbo la Kibwana likanguruma. Akabana, au alidhani amebana. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa na ganzi, hakusikia kitu. Alichokiona ni mshenga wa kuliani kwake akikunja pua, kisha akijisogeza pembeni taratibu, kwa adabu, kama anampisha mtu. Hafidhi naye akasita katikati ya sifa.

Ndipo Kibwana akajua.

Angeweza kulitamka lile neno palepale. Lakini akili ilikuwa imeshakimbia. Alishika nguzo, akainuka, akakusanya kanzu nyuma kwa mkono mmoja, akazunguka nyumba huku akijiegemeza ukutani. Wanawake waliokuwa wanapika pilau uani wakainamisha macho wote kwa pamoja, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtazama. Akaingia chooni, akafunga mlango.

Haukupita muda, dada yake Zuhura, mama wa Mwanvita, akagonga.

"Kaka, umenikatalia mwanangu?"

"Sijakataa."

"Umeinuka. Hafidhi anavaa viatu. Mwanvita kajifungia chumbani, anauliza mjomba ana ubaya gani na Abdi."

Ndani, Kibwana akajimwagia maji.

"Zuhura. Niletee nguo."

"Ni ile miguu?"

"Si miguu."

Zuhura akaanua khanga kwenye kamba, mbichi bado, akampitishia juu ya mlango.

"Nitawaambia umepigiwa simu ya msiba."

"Ukoo mzima uko barazani. Utamuua nani?"

"Basi kichwa. Umeshikwa na kichwa."

"Watasema ni pombe za jana. Ndivyo wanavyosema siku zote." Akasikika anajikung'uta maji. "Nipishe nitoke."

"Utoke hivyohivyo?"

"Na huyo mtoto akae hivyohivyo?"

Akatoka na singlendi, na khanga ya dada yake kiunoni, mguu wa kushoto ukiburuza. Washenga walikuwa wameshashuka barazani. Jamvi lilikuwa limeanza kukunjwa. Mwanvita alikuwa dirishani, macho mekundu.

"Wazee wangu," Kibwana akasema. "Posa sijaikataa. Nimejinyea."

Hakuna aliyejua atazame wapi.

"Huu ugonjwa wangu wa miguu, ni wa tumbo pia. Nilificha kwa aibu. Leo nikajitibu mwenyewe kwa haluli, nikazidisha. Mtoto hana kosa, na Abdi hana kosa. Neno langu ninalo, lakini haliwi neno nikilisema huku mmesimama njiani." Akashika nguzo. "Naomba mrudi mkae."

Hafidhi alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mshenga aliyekaa kuliani mwa Kibwana akamtazama Hafidhi. Zuhura akalikunjua jamvi, akalitandika, akasimama pembeni ya kaka yake.

"Naomba mkae," Kibwana akasema tena.