Bado cha Moto

…bado cha moto, mama, nimemwambia, acha kipoe kidogo, na kweli mvuke unapanda, hapo sijasema uongo, maziwa yamejaa hadi kwenye ukingo wa bakuli na vipande vya mkate vimelala ndani vinavimba taratibu, vyeupe, havina maganda, maana maganda ameyakata mwenyewe mbele yangu kwa kisu kidogo, kipande kwa kipande, ulimi ameutoa pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akaniambia nimekuondolea sehemu mbaya, hii iliyobaki ni laini tu, haimdhuru mtu, halafu nimeiloweka vizuri, ubaya wote umeshatokea kwenye maziwa, nami nikataka kucheka, kama ubaya umetokea kwenye maziwa na maziwa ndiyo haya ninayotakiwa kuyanywa, tumefanya nini sasa, lakini sikucheka, kwa sababu aliponigeukia alikuwa na uso wa mtu aliyepata dawa iliyowashinda madaktari, na sasa amenipa mgongo, yuko kwenye sinki anasugua sufuria ya maziwa, bega moja juu, moja chini, maji yanamwagika, na swali lake limekaa hapa mezani kati ya bakuli na kopo la sukari, halina haraka, umerithi kwa nani… nani alinituma kufungua mdomo, tulikuwa tunaongea vizuri, aliuliza tu kama mtu anayeulizia hali ya hewa, hivi huo ugonjwa mtu anauokota wapi, ni maji, ni baridi, ni mawazo, na mimi bila kufikiri, mwalimu wa chekechea niliyezoea kujibu kila swali kabla halijakwisha, nikasema hapana mama, mtu anazaliwa nao, unatembea kwenye ukoo, akasema ala, kwenye ukoo, ukoo gani tena, mimi sina, baba yako alikuwa anakula hata mawe na hajawahi kushika tumbo, sasa wewe umerithi kwa nani, na hapo ndipo macho yangu yalipoanguka kwenye bakuli na mdomo ukasema bado cha moto.

Na hajui, jamani, hajui anachokiuliza… hata mimi sikujua, nimezunguka na hili tumbo miaka na miaka, nimeambiwa minyoo, nikanywa dawa za minyoo, nimeambiwa vidonda, nikanywa dawa nyeupe ile nzito kama rangi ya ukuta, nimeambiwa una mawazo, punguza mawazo, mume wangu akasema huyu hana mawazo, mwenye mawazo ni mimi ninayelala naye, tukacheka, tulikuwa bado tunacheka wakati ule, damu ikipungua kila nikipimwa, nywele zikibaki kwenye kitana, watoto darasani wakiniuliza mwalimu mbona unakaa chini kila saa, mpaka nikampata yule daktari mwanamke, mfupi, mwenye viatu vya mpira, akachukua damu, akanipitisha mpira wa kamera kooni, halafu akaniita, akachora kwenye karatasi, akasema utumbo wa mtu ndani una manyoya manyoya kama zulia, hayo ndiyo yanayonyonya chakula, lako wewe zulia limekwisha manyoya, limebaki kitambaa, ukila ngano mwili wako unajipiga wenyewe, ugonjwa huo unaitwa siliaki, dawa hakuna, dawa ni kuacha ngano na shayiri maisha yako yote, hata chembe, nami nikafurahi, Mungu anajua nilifurahi, ugonjwa una jina, siyo mawazo, nikaona nitoke nikampigie mume wangu nimwambie mimi si mwendawazimu, na daktari akiwa anaandika, bila hata kuinua kichwa, akauliza kuna mtu mwingine kwenu mwenye shida hii, nikasema hapana, hakuna, nikamshukuru, nikatoka, nikashuka ngazi nimeshika reli, na pale ngazi zinapokata kona, Bosi akanijia, hivi hivi, na tumbo lake mbele, nikakaa chini kwenye ngazi, mlinzi akaja akasema dada vipi, umeteleza, nikasema ndiyo, nimeteleza.

Bosi, mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, hilo halikuwa jina lake, ni mtaa uliompa kwa sababu ya tumbo, miguu kama vijiti vya kiberiti na tumbo la mkurugenzi, majirani wakipita wanamwamkia, shikamoo Bosi, ofisi inaendaje, naye anawatazama kwa yale macho makubwa bila kucheka, hakuwa mtoto wa kucheka, alikuwa mtoto wa kulia kwa sauti ndogo, analia kama anaomba radhi, na mama akihangaika naye kliniki mpaka kliniki, hanenepi, anaharisha, anatapika, wakamwambia mtoto huyu anahitaji kitu laini chenye nguvu, mpe mkate na maziwa, na mama akasikia, mama akisikia kitu anakishika, sisi wengine tulikunywa uji wetu wa mahindi asubuhi na jioni na tukaambiwa mkate ni wa Bosi, atakayeugusa atanitambua, mkate wa Bosi unafunikwa kwa sahani juu ya kabati, mkate wa Bosi unakatwa maganda, kumbe maganda alikuwa anakata tangu wakati ule, sasa ndio nakumbuka, kisu hiki hiki, ulimi pembeni, anaumwagia maziwa, anamweka mapajani, anampulizia, fuu, fuu, anamwimbia, na Bosi anageuza kichwa, anageuza huku, kijiko kinamfuata huku, anageuza kule, kijiko kinamfuata kule, mgonjwa haulizwi uji, anasema mama, na akitapika mama anafuta, hasemi neno, hagombi, yeye anayetugombeza sisi kwa kuacha mlango wazi, anarudi jikoni anatengeneza bakuli lingine, kwa mapenzi gani yale, sijaona tena mapenzi kama yale, hata mimi nilimwonea wivu, mtoto anakufa na mimi namwonea wivu mkate… na alikuwa anajua, Bosi alikuwa anajua, katika watu wote wa nyumba ile na wa kliniki zile, aliyekuwa anajua ni yule asiyejua hata kuongea, alikuwa anasema kwa kichwa, hapana, hapana, hapana.

Au siyo, nani atathibitisha, huenda ilikuwa kitu kingine, watoto wana magonjwa mengi, hakuna kamera itakayoshuka kule alikolala, naweza kusema siyo na hakuna wa kunibishia, ila kila ninaposema siyo naona lile zulia la daktari, kitambaa kitupu, na bakuli jeupe juu yake… kimepoa, anauliza mama kutoka kwenye sinki, nasema bado, anasema wewe na kuogopa moto, tangu utoto wako, nasema ndiyo mama, na mvuke sasa ni uzi tu, unapanda, unakatika, unapanda.

Ningeweza kula, hilo nalo nimelifikiria, vijiko viwili vitatu, ananiona, anafurahi, nakwenda zangu nyumbani nikajikunje kitandani siku tatu, mume wangu aniwekee ndoo, yeye mwenyewe ameshachoka na sufuria yangu ya pekee, anaiita sufuria ya malkia, isiguswe, na mwiko wa malkia, na mimi dukani nasimama na pakiti nimeiwekea mwanga wa simu nasoma maandishi madogo kama mchwa, soseji zina ngano, sosi ina ngano, vidonge vya kuungia mchuzi vina ngano, shuleni ule unga tunaowakandia watoto watengeneze ndege na nyoka ni ngano, navaa glavu, wananiuliza mwalimu umekuwa daktari, na walimu wenzangu na keki zao za siku ya kuzaliwa, kipande kidogo tu hakiui, na ninatabasamu, kidogo tu hakiui, wanasema, nami najua mtu mmoja ambaye kidogo kidogo… sitakula, siwezi, siyo kwa ajili ya tumbo, ni kwa ajili ya kile kichwa kilichokuwa kinageuka, nikila ni kama nasaidia kukishika. Basi nikatae, nimweleze, mama, maganda siyo tatizo, kuloweka siyo dawa, mkate wenyewe ndio sumu, kwa mtu aliyezaliwa hivi mkate ndio sumu, na mama siyo mjinga, mama alikuwa anapiga hesabu za mtaa mzima kichwani mwake bila kalamu, nikimwambia hivyo atarudi nyuma mwenyewe, hatahitaji kushikwa mkono, atarudi hatua moja moja hadi kwenye lile kabati, ainue ile sahani. Au nidanganye, niseme nina mimba nachafukwa na maziwa, kabla sijafika nyumbani ukoo mzima utakuwa umeshachagua majina. Au ninyamaze tu niwe yule binti mwenye maringo, aliyesoma akakataa chakula cha mama yake, nife hivyo, nizikwe hivyo, sawa, mimi naweza, ila kila nikija hapa atakata maganda, kila nikija, na kila akikata maganda nitamwona Bosi, sina njia, nimezunguka chumba chote kichwani mwangu na hakina mlango.

Unajua nani alikuwa na tabia hii, anasema mama, na sauti yake imelainika, nami najua nani, tafadhali mama usiseme, anasema Bosi wangu, naye alikuwa hivi hivi, kukizungusha zungusha, atakuzungusha mpaka uchoke, lakini mwisho anakula, mimi nilikuwa simwachi mpaka ale, na anacheka kidogo, hata siku ile asubuhi, vijiko vitano, nilimpa vitano, akameza, na sasa anakuja kulisema, nalijua neno lile, amewaambia wafiwa wote wa mtaa wetu, anakaa nao kwenye mkeka anawashika mkono anawaambia mimi nilizika, lakini namshukuru Mungu, mwanangu hakuondoka na njaa, hicho ndicho alichobaki nacho, hana picha ya Bosi, hana nguo yake, ana hilo neno tu, anajifunika nalo, na mimi niko hapa mezani nimelishika pindo, nikivuta tu linatoka, hakuondoka na njaa, anasema mama, hilo kwa kweli nam…

Maji yanamwagika. Mkono umesimama ndani ya sufuria. Nautazama mgongo wake, ile zipu ya gauni isiyofika juu, shingo imeinama kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili, halafu anauliza, polepole, bila kugeuka, hivi wewe, huko mwanzo, tumbo lilikuwa linajaa, nasema kidogo, mama, anasema na miguu inakwisha, nasema mimi ni mtu mzima mama, kwa mtu mzima ni tofauti, na papo hapo natamani ulimi wangu niung'oe, kwa sababu hakuuliza kuhusu watu wazima na watoto, hakuuliza, ni mimi, ni mimi niliyemfungulia mlango huo, anasema aa, tofauti, anafunga bomba, anafuta mikono kwenye gauni, mbele na nyuma, mbele na nyuma, anakuja, namwona anakuja na sina pa kukimbilia, maziwa yameshafanya utando mnene uliokunjamana juu ya mkate, mvuke hakuna, hata kipofu angejua, na mama ananyoosha mkono, anagusa ubavu wa bakuli kwa mgongo wa vidole, kama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa, na anauacha pale, hauondoi, macho yake yako kwenye mkate na yangu yako kwenye kidole chake kilichosinyaa kwa maji, na nasubiri, aseme kimepoa, aseme kula, agombe, alie, avunje bakuli, lolote, nitalipokea, na anasema, kwa sauti ndogo, ile sauti ya kuomba radhi ambayo sasa ndiyo najua Bosi aliitoa wapi, anasema kweli mwanangu, bado cha moto, kiache hapo hapo, na anarudi kwenye sinki, anafungua maji, anaichukua sufuria ile ile iliyokwisha kutakata na anaanza kuisugua upya, bega moja juu, moja chini, ameshajua, hatasema na mimi sitasema, na kwa kukosa la kufanya na mikono yangu nimelivuta bakuli karibu, baridi, nimeinama, na ninapuliza, fuu, fuu, ili asikie kwamba ninapuliza.