Piano Iliyomfuata Atuganile

Usiku wa jana baridi ya hapa Tukuyu ilinifanya nilale na soksi zangu za sufu, zile za kijani, nikaota niko Dar es Salaam, sebuleni kwa Mwalimu Doroteya.

Mwalimu Doroteya ndiye anayemfundisha mjukuu wangu Atuganile kuimba opera, ule mchezo wa kuigiza ambao watu huimba maneno yote bila kipaza sauti. Piano humpigia mwenyewe. Asubuhi ya leo Atuganile alikuwa na usaili. Usaili uliopita alitoka mbio katikati ya wimbo, na tangu hapo amekuwa akisema huu ujao ukimshinda, ataacha kuimba.

Katika ndoto anaimba vizuri. Anafika pale pagumu, ananyamaza, anafungua mlango na kuondoka.

Mwalimu hakasiriki. "Piano humfuata mwimbaji," anasema. Ndiyo kanuni yake ya siku zote.

Piano inajinyanyua. "Samahani, bibi, naomba kupita," inaniambia, na inatoka.

Nje si Dar es Salaam tena, ni mashamba ya chai. Atuganile anakimbia mbele. Piano inamfuata kwa miguu yake mitatu, mwalimu yuko juu ya kiti chake, kiti nacho kinakimbia, na hakosei hata mara moja. Mimi niko nyuma yao. Atuganile akienda mbio, muziki unakwenda mbio. Akisimama kulia, mwalimu anabonyeza sauti moja tu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Naona piano inachechemea. Naiuliza kulikoni.

"Mguu wa nyuma, bibi. Mawe."

"Mbona husemi?"

"Atadhani ni kosa lake."

Navua soksi moja, naivisha mguu ule. Piano inashukuru, inasema ina joto zuri.

Tunaingia jikoni kwangu. Majaji wamekwisha kukaa, nao ni mafiga yangu matatu. Atuganile anawaomba radhi kwa kuchelewa.

"Usijali," linasema figa kubwa. "Sisi kazi yetu ni kungoja vitu vichemke."

Atuganile anageuka, anatuona. "Kumbe mlikuwepo?"

"Nyuma yako tu," anasema mwalimu, na anavuta pumzi. Piano inavuta pumzi. Nami navuta. Atuganile anafungua kinywa.

Hapo nikaamka, mguu wa kushoto umeganda. Soksi ilikuwa moja. Nilikung'uta blanketi, nikachungulia uvunguni, sikuiona.

Karibu na mchana Atuganile akapiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza.

"Bibi, nimeimba mpaka mwisho. Pale pagumu pumzi iliniishia, mwalimu akanisubiri, nikaendelea. Wamenichukua."

Nilimshukuru Mungu, nikamwambia amshukuru na mwalimu. Kisha akaanza kucheka. Akasema wamerudi nyumbani kwa mwalimu wakakuta mguu wa nyuma wa piano umevaa soksi ya kijani, na mwalimu anauliza kama aivue.

"Aiache kwanza," nikamwambia. "Mguu haujapona."