Astara ya Bibi Wolete

Nimemaliza darasa la kumi na mbili nikijua mambo ya atomu na vita vya Wazungu, lakini mambo ya mguu wangu mwenyewe sikuyajua. Niliambiwa siku ya Meskeli, sikukuu ya Msalaba, wakati watu wetu wote wa Gurage wanarudi kutoka Addis na viatu vipya. Nilikuwa nachota nyama kwa mara ya tatu, mjomba wangu Kebret akanishika mkono.

"We Sahle, taratibu. Ulishamaliza astara ya mama yangu, sasa unataka kumaliza na ng'ombe?"

Watu wakacheka. Bibi Wolete hakucheka. Akasema, "Kebret, tafuna ulichonacho mdomoni," na mazungumzo yakahamia kwingine. Ila mimi kitu kikishaniingia kichwani hakitoki. Nikamfuata mjomba nje, akanieleza.

Kwetu nyuma ya kila nyumba kuna enseti. Ukiiona kwa mbali utaapa ni mgomba, lakini ndizi zake haziliwi. Tunakula shina lake na tunguu la chini. Ziko aina nyingi, na astara ndiyo ya mifupa. Ukivunjika, hospitali wanakufunga plasta, ukirudi nyumbani unachemshiwa tunguu la astara, unakula na maziwa. Bibi alikuwa na moja, na ukoo huu wote wakikwama walikuja kwake. Sasa enseti haizai watoto yenyewe kama mgomba. Ukitaka watoto lazima uue mama: unang'oa, unatoa moyo wa tunguu, unalifukia, ndipo machipukizi yanatoka mengi. Bibi alipanga kufanya hivyo mwaka ule nilipodondoka mtini nikavunjika mguu, nikiwa na miaka minane. Lile tunguu la uzazi ndilo nililokula mimi, lote, siku tano.

"Tangu hapo wakija watu anawaambia hana," mjomba akasema. "Miaka kumi na moja. Haya, wiki ijayo nakusubiri dukani kwangu Addis, uanze kazi, usichelewe."

Nikamwambia nitakuja. Lakini usingizi haukuja vizuri. Huyu bibi kila asubuhi ananiita mvivu, mla bure, mguu wa mbwa, na hata siku moja hajanitupia hilo usoni.

Basi nikaanza kutafuta. Wa kwanza kuniuzia alikuwa mzee mmoja sokoni, akaapa kwa watakatifu wote kwamba ni astara. Nikambebea bibi mche mabegani kama mshindi. Akageuza jani, akatazama uti wake kwa chini, akaguna.

"Hii ni ya kufungia mkate, mwanangu. Shule hawakufundishi majani?"

"Wanafundisha ya kwenye kitabu, bibi."

"Basi kafukie kitabu," akasema, kisha akanieleza uti wa astara unavyokuwa.

Nasir, rafiki yangu mwenye pikipiki, akasikia kwamba huko juu Gumer, kwenye baridi, kuna mama anaitwa Zenebech ambaye bado anayo. Akanipeleka mpaka pikipiki ikagoma kupanda, akageuza. "Mimi nakupenda, lakini pikipiki naipenda zaidi. Malizia kwa mguu wako wa astara."

Nikamalizia. Nikaiona kabla sijaona nyumba: juu ya uzio, jani kubwa, uti wake vilevile kama bibi alivyonieleza. Badala ya kuzunguka mbele nikaite kama binadamu, nikaruka uzio wa nyuma.

Nikatua katikati ya wanawake sita wanaokwangua enseti.

Ambaye si wa kwetu hawezi kujua nilichofanya. Pale mwanamume haingii. Wanawake wamekaa chini, wameegemeza shina kwenye ubao, mguu mmoja umeinuliwa kulishikilia, nguo zimepandishwa mpaka mapajani. Kilio kilichotoka kilitisha hata kuku. Nikarushiwa makapi, nikarushiwa ubao, bonge la enseti mbichi likanibandika sikioni.

"Ni mwizi!"

"Mwizi gani mwembamba hivi? Huyu katoroka shule!"

"Funga macho, we shetani! Nani mama yako?"

Nimefunga macho, nimepiga magoti, nikasema kila kitu kwa mkupuo mmoja: mti, mguu, bibi, tunguu, miaka kumi na moja. Halafu sauti nzito ikasema, "Ruka."

"Niruke nini, mama?"

"Ruka kwa huo mguu. Tuone kama astara ya watu ilipotea bure."

Nikaruka kwa mguu wa kushoto, macho yamefungwa, makapi yananidondoka, mpaka wale wanawake wakacheka kwa kushikana mabega. Mwenye ile sauti ndiye alikuwa Mama Zenebech.

Aliponitoa hadi mbele ya nyumba na kunipa maji ninawe, hakuwa anacheka tena.

"Ninayo moja. Ina miaka mitano. Kukupa wewe ni kuiua."

"Najua, mama."

"Hujui. Ugonjwa wa kunyausha umefika nyumba ya tatu kutoka hapa. Naamka na hofu hiyo, nalala nayo. Mmea uliobaki kwenye ua mmoja umeshakufa, bado kuzikwa tu." Akanitazama mikono. "Jembe unaliweza?"

Nilikaa kwake siku tatu. Adhabu ya uzio ilikuwa kulima, na nililima mpaka viganja vikapasuka. Siku ya tatu tukaing'oa. Yeye mwenyewe akashika kisu, akasimama kidogo, akaligusa shina kama anamuaga mtu. Halafu akalipasua tunguu katikati, akatoa moyo, akajaza samadi na udongo. Nusu nikaifukia pale pale. Nusu akanifunga mgongoni kwa majani makavu, kama mtoto.

Nikataka kutoa pesa zangu za birr. Akanipiga kofi mkononi.

"Astara inauzwa? Mwambie bibi yako, yangu ikifa ntakuja kwake. Na yake ikifa aje kwangu. Nenda, usikae njiani."

Nilifika nimepinda kama mzee. Bibi alikuwa mlangoni. Nikamwekea lile tunguu mbele yake. Akachuchumaa, akalinusa, akapitisha kidole pale lilipopasuliwa. Halafu akanivuta kichwa, akanitemea mate ya baraka utosini, tfu, tfu.

Tukalifukia karibu na ukuta, majivu yanapomwagwa. Mjomba akapiga simu wiki ile, na ile iliyofuata. Nikamwambia asubiri kidogo. Mimi, ambaye sikuwahi kusubiri hata chai ipoe, nilikuwa nachungulia udongo mara nne kwa siku. Bibi ananifukuza: "Unaliogopesha na sura hiyo!"

Mwezi wa tatu tangu tulifukie, asubuhi, akaniita jina langu zima, kitu ambacho hafanyi. Nikatoka mbio. Alikuwa amepiga magoti. Udongo umepasuka, ncha za kijani zimetoka, zimebanana. Alikuwa anazihesabu kwa kidole, anakosea, anaanza upya. Nikapiga magoti pembeni yake tukahesabu wote, tukafika arobaini na moja.

Hapo nikaona nisiposema leo nitaenda Addis nalo kooni.

"Bibi, asante kwa mguu."

Hakuniangalia. Aliendelea kuondoa jani kavu juu ya chipukizi.

"Ulikuwa unapiga kelele mno," akasema. "Ungelia kwa adabu, ningeila mwenyewe." Akajifuta jicho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na udongo. "Lete maji, we mguu wa mbwa. Taratibu, usiwakanyage."